Bibi Liễn na Wenzake Wanane Hawapandi Ndege

KAMATI YA WAKAZI, SEHEMU YA TATU
KAMBI YA WATAFUTA HIFADHI YA TAI SHEK, HONG KONG

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOANZA JUMANNE TAREHE 12 OKTOBA 1993 NA KUMALIZIKA IJUMAA TAREHE 15 OKTOBA 1993

MAHALI: Banda la 7, vitanda vya chini, upande wa dirisha

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Phùng Văn Chước – Mwenyekiti
2. Bi. Tạ Thị Nhàn – Katibu, mwalimu
3. Bi. Đoàn Thị Mùi – Mjumbe, mgawaji wa chakula
4. Bw. Lã Đức Khoát – Mjumbe, kinyozi

MWALIKWA
Bibi Đậu Thị Liễn, miaka 71, Banda la 7, kitanda cha 22 chini

ASIYEHUDHURIA
Bw. Ngô Viết Sửu – Mjumbe. Udhuru: yuko kwenye foleni ya maji ya moto. Aliombwa asiiache nafasi yake, kwa kuwa ameshika pia ndoo za wajumbe wawili waliohudhuria.

KUMB. NA. 1/10/93: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa tatu na robo asubuhi. Aliwashukuru wajumbe kwa kuitikia wito wa ghafla, akaeleza kwamba hali ni nzito lakini haijawashinda watu wazima wenye akili timamu. Kisha alieleza jinsi alivyowahi kuiokoa feri iliyozimika katikati ya Mto Cấm, kule kwao Hải Phòng, akiwa na bisibisi moja na kamba ya kiatu. Bi. Mùi alimkumbusha kwamba feri hiyo imekwisha kuokolewa katika vikao vinne vilivyotangulia, na kwamba wali unaletwa saa tano. Mwenyekiti alikubali feri iachwe hapo ilipo.

KUMB. NA. 2/10/93: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za tarehe 28 Septemba. Bw. Khoát alipinga ukurasa wa pili, mahali palipoandikwa kwamba "Bw. Khoát alipiga kelele".

Bw. Khoát: "Mwalimu, mimi sikupiga kelele. Nilisisitiza."

Katibu alijibu kwamba alisisitiza mpaka mlinzi wa lango akaja kuuliza nani amefariki. Bi. Mùi alisema hata yeye, aliyekuwa jikoni akiosha mchele, alisisitizwa. Baada ya mjadala iliamuliwa iandikwe "alisisitiza kwa sauti kubwa". Bw. Khoát alitoa hoja zaidi kwamba kuanzia sasa, panapokuwa na ubishi, maneno ya mtu yaandikwe kama yalivyotoka kinywani mwake, ili Katibu asiyapake rangi. Katibu aliafiki bila kinyongo. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/10/93: ORODHA YA WATAKAORUDISHWA KWA NGUVU

Mwenyekiti alieleza kwamba jana Jumatatu alasiri karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa langoni. Ina majina tisa ya wakazi wa Sehemu hii ambao rufaa zao zimekataliwa. Wanatakiwa kuwa langoni na mizigo yao Alhamisi saa tatu asubuhi, wapakiwe kwenye basi, wapelekwe uwanja wa ndege na kurudishwa Vietnam, watake wasitake. Wajumbe hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Wote walikuwepo mwezi wa tatu, walipochukuliwa watu wa Sehemu ya Kwanza, kila mmoja akibebwa na askari wanne, mmoja kwa kila kiungo.

Jina la sita katika orodha ni la Bibi Liễn. Kwa kumbukumbu, Bibi ni mjane kutoka kijiji cha pwani mkoani Hà Tĩnh. Alifika mwaka 1990 baada ya siku sitini na tatu baharini. Hana ndugu wa damu kambini. Hata hivyo watoto kumi na wawili wa Sehemu hii wanamwita nyanya, na hakuna mwanamke wa Banda la 7 ambaye hakufundishwa naye kuchachusha kabichi ndani ya ndoo ya plastiki.

Mwenyekiti alimpa pole. Kila mjumbe alitazama mikono yake.

Bibi Liễn: "Nimesikia nimeandikwa. Sasa mbona mnanikalia kama mnalinda maiti? Sijafa. Na hiyo chai inapoa."

Wajumbe walikunywa chai.

Bw. Khoát alitoa hoja kwamba usiku wa kuamkia Alhamisi wakazi wote wapande juu ya mapaa na mabango, wasishuke mpaka orodha ifutwe. Mwenyekiti alipinga. Alisema paa la Banda la 4 halijasahau mara ya mwisho vijana walipolipanda, wala watu wa Banda la 4 hawajasahau, kwa sababu mvua inawanyeshea mpaka leo. Yeye alipendekeza barua yenye saini za watu wote.

Bw. Khoát: "Barua! Mzee Chước, tumeshaandika barua kumi na saba. Nadhani wanafungia karanga."

Mwenyekiti: "Ya kumi na nane hawajaisoma."

Bw. Khoát: "Na hawataisoma! Wewe unawaogopa, Mzee, ndiyo maana."

Mwenyekiti: "Kijana, mimi nilikuwa natengeneza injini baharini wewe ukiwa bado unanyonya. Usinifundishe kuogopa."

Bi. Mùi: "Haya, mmemaliza kupimana vifua? Mwenye shida yuko hapa. Mngemuuliza."

Bibi Liễn aliulizwa. Alimgeukia Bw. Khoát.

Bibi Liễn: "Mjukuu wangu, nakushukuru. Lakini ukinipandisha juu ya paa, atakayenishusha nani? Na mkojo ukinibana?"

Kikao kilisimama kidogo kwa sababu ya kicheko. Mwenye hoja alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha Bibi alisema kwamba kwao, wakati wa vita, wanawake walipotaka askari wasiingie ghalani walikuwa wanakaa chini mlangoni, na mtu aliyekaa chini ni mzito kuliko gunia.

UAMUZI: Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi wakazi wote wakae chini uwanjani, mbele ya lango, wakiwazunguka hao tisa. Barua ya Mwenyekiti nayo iandikwe, isizidi ukurasa mmoja. Mwenyekiti aliomba kurasa mbili. Alinyimwa.

KUMB. NA. 4/10/93: FAILI LA BIBI LIỄN

Katibu alieleza kwamba Jumamosi alipokea nakala ya faili la Bibi kutoka kwa Bi. Kwong, wakili wa mjini anayewasaidia wakazi bila malipo. Faili limeandikwa kwa Kiingereza na Bibi mwenyewe hajawahi kujua lina nini ndani. Aliambiwa tu kwamba amekataliwa, akapewa karatasi ya uamuzi asiyoweza kuisoma. Katibu amelitafsiri polepole kwa kamusi, akafika mahali ambapo alidhani kamusi imechapishwa vibaya. Aliomba ruhusa ya kupasoma. Alisoma:

"Swali: Kwa nini uliondoka Vietnam? Jibu: Kwa sababu ya jino."

Mwenyekiti alimtaka Katibu arudie. Katibu alirudia, akaendelea:

"Swali: Je, hakuna madaktari wa meno wilayani kwako? Jibu: Mwombaji alikaa kimya. Uamuzi: Mwombaji alisafiri kutafuta matibabu ya meno. Hana sababu ya kuogopa kuteswa akirudishwa."

Bibi Liễn aliuliza: jino la nani?

Katibu alieleza. Watu wa Hà Tĩnh wana lafudhi yao, na sisi wa kaskazini tumeicheka humu mabandani miaka mitatu. Neno "răng" kwetu sote ni jino, na "vì" ni "kwa sababu ya". Kwa akina Bibi "vì răng" ni "kwa nini". Afisa alipouliza sababu ya kuondoka, Bibi alilirudia swali kwanza, kama mtu yeyote anavyofanya kabla ya kueleza jambo kubwa: "Vì răng?" yaani, "Kwa nini, unaniuliza?" Mkalimani, ambaye jina lake halimo ila namba tu, alikuwa mtu wa mbali na huko. Alisikia "kwa sababu ya jino", akaandika.

Bibi Liễn: "Kumbe! Mimi nilijiuliza, huyu bwana vipi? Nimekaa nakusanya maneno nimweleze habari za marehemu, yeye ananiuliza madaktari wa meno! Nikasema moyoni, maskini, kachanganyikiwa na kazi. Nikanyamaza. Si adabu kumjibu mtu aliyechanganyikiwa."

Bi. Mùi alicheka mpaka akateleza kitandani na kukalia ndoo. Bw. Khoát alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Bibi mwenyewe alicheka akijifuta macho kwa ncha ya kilemba, kisha akafungua mdomo wajumbe wakague. Meno yake aliyapaka rangi nyeusi akiwa na miaka kumi na sita, kama wasichana wa zamani. Yote yamo, meusi, yanang'aa kama mbegu za topetope. Alisema hajawahi kuumwa hata na moja tangu azaliwe. Alimtaka Bw. Khoát aingize kidole ajaribu kulitikisa lolote. Bw. Khoát aliomba radhi.

Mwenyekiti ndiye aliyerudisha utulivu. Aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwenyekiti: "Sasa, Bibi, jibu lenyewe lilikuwa lipi?"

Bibi Liễn alimwambia Katibu: "Mwalimu, andika ninavyosema. Usiandike unavyosikia." Katibu aliandika, na kila sentensi akamrudia aithibitishe. Maneno yake ni haya:

"Mume wangu alikuwa msoma sala kanisani, kwa sababu padri hatukuwa naye. Watu wa serikali walikuja kumchukua tukiwa tunamenya viazi. Walisema ni siku kumi za mafunzo. Akakaa miaka kumi na moja. Aliporudi alishushwa barabara kuu, nikambeba mgongoni mpaka nyumbani, na sikuchoka njiani. Ndiyo mjue alikuwa amebaki na uzito gani. Aliishi siku arobaini. Nilipomzika, majirani wakawa wanakuja jioni kwangu tunamwombea. Wakaniita ofisini. Nikaenda. Wakaniita tena. Nikaenda mara tisa. Mara ya kumi hawakuniita, walikuja wenyewe wakang'oa mlango. Mlango mzima na bawaba zake. Wakasema nyumba inayofungwa ina jambo la kuficha. Miezi mitatu nililala bila mlango. Upepo wa bahari unaingia, mbwa wanaingia, wao wanaingia. Ndipo nikapanda mashua. Hilo ndilo jibu. Lilikuwa tayari mdomoni, hawakulingoja."

Bi. Mùi alimfunika Bibi mabega kwa shuka ingawa hakukuwa na baridi.

UAMUZI: (a) Katibu aandike maelezo haya leo hii na yafike kwa Bi. Kwong kesho asubuhi, siku yake ya kuja kambini. (b) Bw. Khoát ampeleke Bibi kwa daktari wa meno wa zahanati ya kambi, apimwe na aandikiwe cheti.

Bw. Khoát aliuliza atamwambia daktari Bibi anaumwa nini. Bibi alimjibu: "Mwambie naumwa na serikali, anitazame mdomoni."

KUMB. NA. 5/10/93: MAANDALIZI YA ALHAMISI

Iliamuliwa kwamba hakuna atakayebeba jiwe, chuma wala kisu. Atakayetukana askari ataondolewa na wenziwe. Watoto wabaki darasani. Vitambaa vyeupe vya kufunga kichwani vikatwe kutoka kwenye mashuka. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kutoa shuka lake, na wajumbe walilipokea kwa heshima.

Bw. Khoát aliomba sufuria kubwa ya jikoni kwa ajili ya ngoma. Bi. Mùi alikataa.

Bi. Mùi: "Sufuria yangu ina bonde tangu mwezi wa nane. Ulilipiga wewe, na ukasema litajinyoosha lenyewe likipata moto. Limejinyoosha?"

Bw. Khoát: "Dada Mùi, hii ni kwa ajili ya uhuru."

Bi. Mùi: "Uhuru ukija utataka kula. Utapikiwa wapi?"

UAMUZI: Zipigwe ndoo.

Kikao kiliahirishwa saa tano kasoro dakika tano. Wali uliletwa saa tano na nusu.

KIKAO KILIENDELEA IJUMAA TAREHE 15 OKTOBA 1993, SAA NANE MCHANA, MAHALI PALE PALE. Wajumbe wote walihudhuria, pamoja na Bw. Sửu. Mwalikwa alihudhuria, akaja na bakuli la kabichi.

KUMB. NA. 6/10/93: TAARIFA YA YALIYOTOKEA ALHAMISI

Katibu aliwasilisha taarifa. Wajumbe waliruhusiwa kusahihisha.

Jumatano daktari wa meno alimpima Bibi Liễn na kumpa cheti chenye sahihi na muhuri, kinachosema kwamba meno yote ni mazima na hakuna dalili ya ugonjwa wa zamani. Kwa mujibu wa Bw. Khoát, daktari aliomba apige picha kwa sababu hajawahi kuona kinywa kama hicho kwa mtu wa umri huo, na Bibi alikubali kwa sharti kwamba kwanza achane nywele. Cheti na maelezo ya Bibi vilimfikia Bi. Kwong kabla ya saa sita. Alisoma akiwa amesimama. Hakusema kitu ila "Kesho," akaondoka haraka na kusahau mwavuli wake.

Alhamisi, kufikia saa mbili asubuhi, wakazi zaidi ya mia tano walikuwa wamekaa chini uwanjani. Wale tisa walikuwa katikati. Bibi Liễn alivaa nguo yake ya mahameli ya zambarau, ile aliyoitunza kwa ajili ya kuzikiwa. Mwenyekiti alikaa kando yake, akimkinga jua kwa mwavuli wa wakili. Alikuwa amejiandaa kusoma barua yake kwa kipaza sauti, lakini askari walipoingia alimwachia Bw. Sửu aisome, yeye akaendelea kushika mwavuli. Ilisomwa kwa dakika mbili. Haijawahi kutokea.

Saa tatu kamili mabasi mawili yalisimama nje ya lango. Afisa aliyeongoza alisoma majina tisa na kuwataka wenye majina wasimame. Hakuna aliyesimama. Aliyasoma tena. Bibi Liễn alianza rozari kwa sauti. Bi. Mùi, ambaye ni Mbudha, aliona si vizuri Bibi asali peke yake, akaanza dua zake mwenyewe. Zilikwenda pamoja vizuri, isipokuwa Bi. Mùi alikuwa akimaliza kwanza na kulazimika kusubiri.

Askari walijipanga na ngao zao. Wanawake walishikana mikono. Kijana mmoja wa Banda la 2 alinyanyuka nusu, ngumi imekunjwa. Bw. Khoát alimvuta chini, akatoa mkasi na kitana mfukoni, akamwambia: "Wewe kichwa kichaka. Tulia nikunyoe." Akaanza kumnyoa hapo hapo, mbele ya ngao. Alipomaliza alimwita mwingine. Foleni ikatokea, watu wakisogea kwa makalio bila kusimama. Hali ikapoa. Askari mmoja mdogo wa mstari wa mbele alivua kofia akajikuna kisogo, na Bw. Khoát akamwonyesha kwa mkono kwamba nafasi ipo. Askari huyo alimtazama mkubwa wake, akavaa kofia.

(Bi. Mùi alitaka iandikwe kwamba makatazo ya Kamati yalitaja visu na si mikasi. Imeandikwa.)

Saa nne na dakika arobaini Bi. Kwong aliingia langoni akikimbia, viatu mkononi, karatasi ya mahakama mkono wa pili. Jaji alikuwa amezuia Bibi Đậu Thị Liễn asirudishwe mpaka ahojiwe upya. Katibu aliitafsiri kwa sauti na uwanja mzima ukapiga ndoo. Afisa aliisoma mara mbili, akamwambia Bibi kupitia mkalimani wake kwamba yuko huru kurudi bandani.

Bibi Liễn: "Na hawa wanane?"

Afisa alisema karatasi haiwahusu.

Bibi Liễn: "Basi mwambie sijachoka kukaa."

Bi. Kwong alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikaa chini kwenye nyasi na sketi yake nzuri, akaomba hao wanane wamletee karatasi zao. Zilitoka vifuani na viunoni, zimefungwa mifuko ya plastiki. Yeye na Katibu walizipitia moja moja. Namba ya mkalimani wa Bibi ilikuwemo kwenye tano kati ya hizo nane. Mmoja, fundi wa matofali kutoka Hà Tĩnh hiyo hiyo, aliandikwa kwamba aliondoka "bila kwenda mahali", kwa sababu alipoulizwa aendako alirudia "mô", ambalo kwao ni "wapi", na mkalimani hakulijua. Bi. Kwong alimpelekea afisa orodha ya hao watano na kumwambia kwamba atakayewapakia leo ataieleza mahakama kesho. Afisa alikwenda kupiga simu. Simu ilichukua saa moja na robo. Katika muda huo Bw. Khoát alinyoa watu ishirini na watatu.

Saa sita na dakika ishirini afisa alirudi, akasema hakuna atakayesafiri leo, na mabasi yaliondoka matupu.

Bibi Liễn alikuwa wa mwisho kuondoka uwanjani kwa kuwa mguu wake ulikuwa umekufa ganzi. Wanne walimbeba, mmoja kwa kila kiungo. Alisema: "Hivi ndivyo nilivyotaka kubebwa. Polepole, mahameli!"

Mwenyekiti alisahihisha kwamba waliobeba walikuwa watano, yeye akishika mwavuli.

KUMB. NA. 7/10/93: HALI ILIVYO SASA

Katibu alitoa ufafanuzi ili furaha isizidi kipimo. Bibi Liễn atahojiwa upya tarehe 27 Oktoba. Mkalimani atakuwa mtawa mzaliwa wa Vinh, jirani na kwao Bibi, anayeishi mjini. Jana alikuja kumsalimia Bibi na wakazungumza saa mbili bila Katibu kuambulia hata nusu. Wale watano wamesimamishiwa safari hadi faili zao zichunguzwe. Lakini watatu, yaani fundi seremala wa Banda la 5 na mume na mke wa Banda la 2, walihojiwa na mkalimani mwingine. Bado wamo kwenye orodha. Tarehe yao mpya ni 28 Oktoba.

Bw. Khoát aliuliza kama mkalimani huyo mwingine hakosei. Katibu alisema hajui, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusoma.

Bw. Khoát: "Basi tusome. Tusome yote. Mwalimu, Sehemu hii ina mafaili mangapi?"

Katibu alisema mia mbili na kumi na mawili, kwa makisio.

Bw. Khoát: "Na kamusi je?"

Katibu: "Moja. Na herufi ya mwisho imeliwa na panya."

Bibi Liễn: "Kila mtu asomewe lake kwa sauti, mwenyewe akiwa amekaa. Mimi mwaka mzima nililala na jino la watu chini ya mto, sijui."

UAMUZI: (a) Mafaili yote ya Sehemu yasomwe, banda kwa banda, kuanzia na ya hao watatu, kesho asubuhi. (b) Bw. Khoát, ambaye alisema hajui Kiingereza, atafundishwa na Katibu kila siku kwa saa moja, naye aliahidi kusisitiza. (c) Tarehe 28 tukae tena.

Bi. Mùi aliomba iandikwe pia kwamba sufuria inaweza kutumika tarehe 28, ikiwa itashikwa na yeye mwenyewe. Bw. Khoát alisimama na kuinama mbele yake. Bi. Mùi alimwambia aketi asije akamwaga kabichi.

KUMB. NA. 8/10/93: MENGINEYO

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye jambo. Hakukuwa na mtu. Katibu alipoanza kufunga daftari, Mwenyekiti alimwomba asubiri. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha ya plastiki iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya kitanda bila kuiachia.

Mwenyekiti: "Mwalimu, na hili. Ikipatikana nafasi."

Katibu alilitambua. Lilikuwa faili. Kwa mujibu wa muhuri, rufaa ya mwisho ya Bw. Phùng Văn Chước ilikataliwa tarehe 9 Juni. Miezi minne ameongoza vikao hivi, ameandika barua za wengine na kuwapa pole waliokataliwa, na hakuna aliyejua.

Bi. Mùi: "Mzee Chước! Tangu Juni? Na unakula unamaliza sahani?"

Mwenyekiti: "Ningesema nini? Mwenyekiti aliyekataliwa atawaongozaje waliokataliwa?"

Bw. Khoát aliiondoa mikono ya Mwenyekiti juu ya bahasha, kidole kimoja kimoja, kwa upole.

Bw. Khoát: "Mzee wangu, kwani sisi wengine tumekubaliwa na nani?"

Mwenyekiti alicheka. Alicheka kwa muda mrefu, na Bibi Liễn alimpa ncha ya kilemba chake. Bw. Sửu alitoa hoja kwamba faili la Mwenyekiti liingie foleni kama ya wengine. Bibi Liễn alitoa hoja ya pili, kwamba foleni ianze sasa hivi. Hoja ya Bibi iliungwa mkono na wote. Mwenyekiti hakupiga kura.

KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na moja na dakika ishirini alasiri. Hakuna aliyeondoka. Bi. Mùi aligawa kabichi, Bw. Khoát aliivuta taa karibu, na Katibu akafungua ukurasa wa kwanza.

Imethibitishwa kuwa kumbukumbu sahihi za kikao:

Phùng Văn Chước
MWENYEKITI

Tạ Thị Nhàn
KATIBU